Koti la Pacha Lilinikaa Mimi

Tulipoachana wiki jana nilikuwa nimeinama juu ya meza ya fundi, mkasi mkononi, kitambaa cha marehemu kimetandazwa mbele yangu. Wengi wenu mmeniuliza kama nilikikata. Mama mmoja alinishika mkono kabisa pale kwa muuza magazeti, akasema, "Wewe kijana, niambie hukukikata."

Nilikikata.

Aliyeanza kusoma leo asijali, habari yenyewe ni fupi. Nililelewa na mama asiyenizaa, pamoja na mwanawe tunayelingana umri na kimo. Watu wakituona kwa nyuma hutuchanganya, ndiyo maana yeye akaitwa Pacha na jina likamganda. Mimi huitwa Malenga. Wachache huniita hivyo kwa heshima, wengi kwa kebehi, kwa sababu natunga mashairi ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha. Pacha anabeba mizigo ghalani. Mimi nashona nguo.

Na mwaka mzima nilimpenda binti anayeuza vifungo, zipu na nyuzi katika duka linalotazamana na letu. Sikumwambia, kwa kuwa shairi la kumwambia lilikuwa halijakamilika.

Pacha hakusubiri shairi. Alivuka barabara, akanunua kifungo kimoja asichokihitaji, akasema yaliyokuwa mdomoni, na binti akakubali.

Kisha akaja kwangu, mikono imejaa furaha na kitambaa, akaniomba nimshonee suti ya kwenda nayo kwa baba wa binti.

Kitambaa chenyewe kiliachwa na baba yake Pacha. Kilikuwa hakijawahi kuguswa na mkasi. Mama alikihifadhi miaka yote, akikitoa juani na kukirudisha, na kila mara alisema, "Hiki ni cha mwanangu atakayeoa kwanza."

Hakutaja jina. Mimi, mjinga, siku zote nilidhani anatuhesabu wote wawili.

*

Sasa tuje kwenye siku ya kuvaa.

Pacha aliingia kwa fundi Jumamosi asubuhi, amenyoa, shingo inang'aa, anatabasamu kama mtu aliyeokota pesa. Wa kwanza kumpokea alikuwa Dada wa Pasi, mwanamke anayetupigia nguo pasi, ambaye mdomo wake huwa moto kuliko pasi yenyewe.

"Haya, bwana harusi, karibu. Ila futa miguu, hapa si ghalani."

"Bado si bwana harusi, dada. Leo naenda kuonwa tu."

"Kuonwa na yule mzee? Maskini weee. Yule alikuwa mkuu wa askari magereza, anampima mtu kwa kola. Juzijuzi kijana wa watu kaenda kumposa yule yule binti, shati limeng'oka kifungo kimoja. Kaambiwa arudi akishajua kuvaa."

"Ndiyo maana nimemwachia ndugu yangu," Pacha akasema, akanipiga begani. "Huyu ananijua kuliko futi."

Mwenye duka, ambaye futi ya kupimia haijawahi kutoka shingoni mwake mpaka sote tunamwita Mzee Futi, aliendelea na mkasi wake. Alikuwa amekasirika nami tangu mwanzo wa wiki.

Mzee Futi ana sheria moja. Koti lolote hujaribiwa kwanza likiwa limeshikizwa tu kwa uzi mweupe, ndipo lishonwe moja kwa moja. Mimi nilikataa. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba Pacha simpimi wala simjaribishi. Vipimo vya watu wengine huwa navitungia ubeti vikakaa kichwani, sihitaji kuandika. Vya huyu hata ubeti sihitaji, nimelala naye kitanda kimoja tangu tukiwa hatuna meno ya mbele.

Mzee alinitazama juu ya miwani. "Sawa. Koti hilo ndilo mtihani wako. Likimkaa, meza ya kukatia ni yako."

Basi siku hiyo nilisimama mbele ya kioo kama mtu anayengoja kutawazwa.

Suruali ilimkaa vizuri. Nikamvalisha koti mwenyewe, nikainyoosha kola, nikavuta pande mbili za mbele nizikutanishe kwa pini.

Hazikukutana.

"Vuta pumzi," nikamwambia.

"Nimevuta."

"Basi itoe."

"Nimeitoa pia."

Mgongoni kitambaa kilivutika kama ngozi ya ngoma. Bega la kushoto lilifanya mfuko, likaning'inia kama soksi iliyolegea. Mikono ya koti ilipanda na kumwacha Pacha kama mtoto aliyekua ghafla.

Dada wa Pasi akaangua kicheko. "Malenga! Umemshonea yeye au umelishonea hanga la nguo?"

Damu ikanipanda kichwani. Mwenye kiburi akikosea, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta wa kumfokea. Nilimwona aliye karibu.

"Simama wima bwana! Unasimama kama umebeba gunia!"

Pacha akasimama wima. Akaliinua bega la kushoto kwa nguvu, akalishikilia juu, mshipa wa shingo ukamtoka. Akajitazama kwenye kioo, jasho likimchuruzika kwenye sikio.

"Hivi je? Nikikaa hivi mbele ya mzee, si litaonekana sawa?"

Hakuna aliyecheka.

"Samahani, ndugu yangu," akasema taratibu. "Ni hili bega langu. Limeshuka siku hizi. Ningekukumbusha."

Ningekukumbusha! Bega lile lilishuka mbele ya macho yangu, gunia baada ya gunia. Mimi ndiye niliyekuwa nikilikanda kwa maji ya moto akirudi kazini. Naujua uvimbe wake kwa vidole vyangu. Na nilipochukua chaki kuchora koti la mtu huyu, nilikuwa nimelisahau kabisa, kana kwamba halijawahi kuwapo duniani.

Mzee Futi akaweka mkasi wake mezani.

"Vua," akamwambia Pacha. Kisha akanigeukia. "Vaa wewe."

"Mimi wa nini, Mzee?"

"Nimesema vaa."

Nikavaa.

Ndugu zangu, lilinikaa. Halikunibana wala halikulegea. Kola ilitulia shingoni kama mkono wa mtu anayekupenda. Pande za mbele zilikutana zenyewe bila kuitwa. Nimeshona nguo za watu wengi, lakini sijawahi kuvaa nguo inayonijua hivyo.

Dada wa Pasi alifungua mdomo atanie, akaona nyuso zetu, akaufunga. Nyuma yake shuka la mteja likaanza kunuka kuungua. Akaruka na kelele, na hata hilo halikumchekesha mtu.

"Malenga," Mzee Futi akauliza, kwa sauti ya chini, "ulipokuwa unakata, ulikuwa unamwona nani mbele yako?"

Nilijua jibu. Nilipokuwa nakata nilikuwa namwona kijana amevaa suti hii, amesimama mlangoni kwa yule mkuu wa magereza, na binti wa vifungo anachungulia nyuma ya pazia. Kijana yule alikuwa na uso wangu. Sikukusudia, naapa. Lakini mkono ulikata kile macho yalichokuwa yanakiona.

Nikasema, "Ni makosa tu. Hakuna fundi asiyekosea. Hata wewe unakosea."

"Nakosea sana. Ila sijawahi kukosea mpaka nikajishonea mimi."

"Mzee, usinidhalilishe mbele za watu! Vijana wangapi walitaka nafasi hapa? Ukawaacha wote ukanichagua mimi. Uliuona mkono wangu!"

Mzee Futi akavua miwani. Pacha akaruka mbele yake haraka. "Mzee, acha. Hilo si la leo."

"Ni la leo hasa. Malenga, mimi sikukuchagua. Baba yake huyu alikuwa rafiki yangu, nilimwahidi kumfundisha mwanawe kazi. Nilikuja nyumbani kwenu kumchukua huyu. Huyu akanivuta nje, akaniambia nikuchukue wewe. Akasema ghalani ungevunjika, una mifupa ya ndege na kiburi cha jogoo. Akasema yeye anapenda kubeba."

Nikamtazama Pacha. Akacheka kwa aibu, akajikuna bega, lile lile.

"Napenda kweli," akasema. "Kule kuna hewa."

Nilisimama pale katika koti lake, katika kazi yake, nikakosa mahali pa kuweka mikono yangu.

*

"Yamepita," Mzee Futi akasema, akavaa miwani tena. "Hili koti linaokoka. Nikiongeza kipande mgongoni na kingine pembeni, nikalishusha bega, kabla ya saa kumi litavalika. Mabaki ya kitambaa yako wapi?"

Hapa sina budi kuwaambia jambo ambalo wiki jana niliwaficha hata ninyi.

Kitambaa kilibaki, tena kipande kizuri. Sikukiweka kabatini kama tunavyofanya na mabaki ya wateja. Wenzangu walipokwenda kula, nilikitandika mezani nikajikatia kizibao, kikoti kisicho na mikono cha kuvaa juu ya shati. Nilikishona kwa siri kwa siku kadhaa, nikakitilia kwa ndani bitana ya hariri, nikakificha ndani ya sanduku langu chini ya kitanda. Nilijiambia nami ni mtoto wa nyumba ile. Nilijiambia kama yeye anamchukua binti, mimi haki yangu ni hata kifua tu cha nguo ya baba.

Watu watatu walikuwa wananitazama. Ningesema neno moja tu, "nyumbani", na koti lingeokoka.

"Nilitupa," nikasema. "Vilibaki vijipande tu."

Mzee Futi alinitazama muda mrefu. Fundi wa miaka yake anajua kitambaa kile kilikuwa na urefu gani. Lakini kabla hajasema, Pacha akanishika shingo kwa mkono wake mzito.

"Basi yameisha! Nitavaa suruali hii na shati jeupe. Mzee akiuliza koti, nitamwambia liko kwa fundi. Si uongo huo." Akanitikisa. "Usinune, ndugu yangu. Ukinuna hivyo nani atanisindikiza? Wewe ndiye wa kunisemea. Mimi nikimwona yule mzee ulimi utakufa ganzi, wewe utamwaga mashairi yako."

Akatoka kwenda nyumbani kuoga, anapiga mluzi.

Mzee Futi akaniambia neno moja, "Fumua," akaenda zake kunywa chai. Dada wa Pasi akajitwika nguo za kupeleka kwa wateja. Mlangoni akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani wowote.

"Yule kijana ana moyo mweupe, Malenga. Usimfanye tambara la kufutia miguu."

*

Nilibaki peke yangu. Kazi yangu ilikuwa kuvua koti na kulifumua.

Sikuvua. Nilisogelea kioo, nikajigeuza huku na huku. Nilipaswa kuwa nalia, nami nilikuwa napendezwa.

"Shemeji," sauti ikasema mlangoni.

Nilikuwa nimeupa mlango mgongo. Kwa mgongo ule hata Mama hutuchanganya.

"Umejuaje kuwa ni mimi?" nikauliza bila kugeuka.

"Bega," binti wa vifungo akasema. "La mwenzako la kushoto limeshuka. Nami sijawahi hata kulipima."

Nikageuka. Mkononi alikuwa ameshika vifungo vya rangi ya kahawa, amevifunga kwenye karatasi.

"Hivi ni vya koti. Navichagua tangu juzi, navibadilisha, navirudisha." Akanitazama kuanzia kola hadi pindo. "Hilo si ndilo koti lenyewe?"

"Limekosewa."

"Naona. Limekosewa vizuri sana."

Nilipaswa kunyamaza. Lakini koti lile lilinipa kichaa, na alikuwa amesimama karibu, harufu ya nyuzi mpya imemganda nguoni. Nikajikuta nimefungua mdomo na shairi la mwaka mzima likaanza kutoka:

"Nimekaa na mkasi, moyo wakatika wangu,
Uzi ninao kiasi, nashona machungu yangu..."

Akainua mkono kama anayesimamisha gari.

"Subiri kwanza. Hilo ndilo ulilokuwa unatunga dirishani? Nilikuwa nakuona kutwa umekodoa macho kwangu, midomo inacheza. Nikadhani unahesabu bei za zipu zangu."

"Nilikuwa natunga kwa ajili yako."

"Mwaka mzima?"

"Lilikuwa halijakamilika."

"Shairi lilikuwa halijakamilika, shemeji. Mimi nilikuwepo. Ungevuka barabara."

Nikadakia. "Ningevuka, je, ungesema...?"

"Sijui. Na sasa hivi sitaki kujua." Akaweka vifungo mezani, kimoja kimoja, bila haraka. "Lakini sikia ulichotunga. Moyo wako, machungu yako. Mimi niko wapi humo? Unajua mwenzako alipokuja aliniuliza nini? Hakunisifia macho wala nini. Aliniuliza kama miguu hainiumi kwa kusimama kutwa. Siku ya pili akaniletea kigoda, alikitengeneza kwa mbao za masanduku ya ghalani. Nakikalia mpaka leo."

Kigoda kile nilikiona kila siku. Nilikitungia hata ubeti. Sikujiuliza kimetoka wapi.

"Shemeji, nisikilize," akasema. "Kuna jambo sijamwambia mwenzako, asije akaogopa. Baba amesema mbeba mizigo chai atampa, binti hampi. Nimemlilia. Nikamwambia, baba, mwone kwanza. Akasema sawa, atamwona mara moja. Mara moja tu. Akiingia kama mtu asiye na wa kumvalisha, mlango umefungwa, na mimi natakiwa kupelekwa kwa shangazi kabla ya mwezi kuisha. Kwa hiyo nakuuliza, kipande kilichobaki kiko wapi?"

"Nilitupa."

"Mwongo. Nimekulia katika vitambaa. Kipande kile kinatoa suti na kinabaki. Kiko wapi?"

Sikujibu kwa mdomo. Nadhani uso ndio uliojibu, kwa maana alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeona nyoka kwenye kabati la nguo.

"Kakilete," akasema. "Kama una undugu wowote na yule mtu, kakilete sasa hivi."

*

Nililivua koti, nikaliacha juu ya meza pamoja na vifungo vyake, nikatoka mbio.

Naomba mniamini hapa, hata kama hamtaniamini kwingine. Nilikuwa nakwenda kukileta. Njiani nilishapanga jinsi nitakavyokifumua: bitana kwanza, kisha pembeni, kisha mgongo. Nilipanga nimwambie Mzee Futi kweli. Nilipanga nimwambie hata Pacha, siku moja, tukiwa wazee na wajukuu wetu wanapigana uani. Unapokimbia kwenda kutengeneza ulichoharibu, unajiona umeshasamehewa.

Nikaingia uani. Mama alikuwa anapiga pasi kitambaa chake cha kichwani. "Taratibu, mwanangu! Unamkimbiza nani? Mwenzako yuko ndani, amekaa huko kama bibi harusi."

Nikasukuma mlango wa chumba chetu.

Sanduku langu lilikuwa juu ya kitanda, wazi.

Pacha alikuwa amesimama mbele ya kile kioo chetu kidogo cha kunyolea, suruali mpya, shati jeupe, na juu ya shati amevaa kizibao.

"Ndugu yangu!" akapaza sauti, na uso wake ulikuwa umeng'aa nisivyowahi kuuona, hata siku binti alipomkubali. "Nimefungua sanduku nitafute ule mkanda wako. Kumbe! Unawaambia watu umetupa, kumbe umenificha! Tena na hariri ndani! Mama! Mama, njoo uone alichonifanyia huyu mshenzi!"

Ukweli ulikuwa mdomoni. Nilikimbia nao tangu dukani. Ilibaki kuutema tu.

Mungu anisamehe. Nikasema, "Nilitaka kukushtukiza."

"Umenishtua! Wallahi umenishtua." Macho yalimlengalenga machozi. "Nami kule dukani nilijisemea, mbona ndugu yangu leo ameharibika hivi? Kumbe ulikuwa na lako. Sasa yule mzee aseme. Koti halipo, kizibao kipo. Kitambaa cha baba kifuani!"

Akaanza kufunga vifungo.

Cha chini kilifungwa. Cha pili alikivuta, kikafungwa kwa shida. Cha tatu kilifika karibu na tundu, kikakataa. Akavuta pumzi, kama nilivyomwambia asubuhi. Akaitoa, kama nilivyomwambia asubuhi. Kikakataa.

"Kinabana kidogo," akacheka. "Nimenenepa kwa furaha."

Akasogelea kioo. Akaangalia bega la kushoto, pale kitambaa kilipofanya mfuko mdogo chini ya shingo, mfuko ule ule. Mkono wake ukaenda taratibu ukaugusa. Akautuliza. Ukarudi. Akautuliza tena.

Pacha si fundi. Lakini asubuhi ile alikuwa amefundishwa jambo moja, na aliyemfundisha ni mimi.

Tabasamu halikutoka usoni mara moja. Lilikaa pale likiwa halina kazi, kama mgeni aliyechelewa kuaga. Kisha akafungua kifungo cha pili. Akafungua cha chini. Akakivua kizibao, akakikunjua, akatazama bitana ya hariri, mishono midogo midogo niliyoipiga kwa mapenzi yote. Akakinyoosha kwangu.

"Vaa," akasema.

"Pacha, saa inakwenda. Nipe nikipeleke kwa Mzee Futi, bado tunaweza..."

"Vaa, Malenga."

Tangu utoto wetu hajawahi kuniita jina hilo. Watu wote waliniita Malenga. Yeye aliniita ndugu yangu.

Kandambili za Mama zikasikika uani, zikaja hadi mlangoni. Alikuwa ameshafunga kitambaa chake kichwani, amependeza, anacheka kabla hajajua kilichomfanya aitwe.

"Haya, kuna nini wanangu? Nimeitwa nione nini?"

Kisha akaiona nguo mkononi mwa Pacha. Aliijua rangi ile. Alikuwa ameitoa juani na kuirudisha miaka yote.

"Hicho ni kitambaa cha baba yenu," akasema. "Kizibao cha nani hicho?"

Pacha hakumjibu. Alikuwa ananitazama mimi, mkono umenyooka, bega la kushoto limeshuka.

Nikakipokea. Nikaanza kukivaa.